Uso Niliobaki Nao

Mbinga mjini,
wakati wa kuchuma kahawa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, na lile goti halijakusumbua tangu kipupwe kianze. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na nimenunua sweta la mtumba linalonifika magotini, kwa sababu baridi ya Mbinga haina adabu, ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Je, michembe ya viazi mmeshaanika? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawadanganya? Shija aliniambia paa la jikoni linavuja. Mwambie asingoje mvua inyeshe ndiyo aanze kutafuta ngazi. Namjua.

Utashangaa kupata barua, siku hizi ambapo hata muuza nyanya ana simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi tena, Mama. Kila nikikupigia na kusema "haloo", unanyamaza kwanza. Nasikia unavuta pumzi. Najua unachokisikia. Sauti yangu na ya Doto ni moja, hata marehemu Baba akiwa chumbani alikuwa anaita "wewe uliyeongea" kwa kutojua ni nani. Baada ya kimya hicho unaniuliza habari za mvua, nami nakujibu habari za mvua, tunaagana. Kwenye karatasi angalau utanisikia mimi.

Barua hii anakuletea mwalimu mmoja wa Tabora anayefundisha huku, anakwenda likizo na atapita Nzega. Isome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, hata Mjomba. Hasa Mjomba.

Uliniuliza mara mbili kama nitaolewa na Osmund. Ukasema watu wake wameshamtumia Mjomba neno, kwamba nichukue nafasi ya Doto, nimlee mwanawe Tunu, nyumba isipoe, na Mjomba anangoja kauli yangu tu. Mara zote mbili nilikwambia mtandao unakatika. Haukukatika. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila nikikupa jibu tupu utaniona nimechanganyikiwa, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Nianzie siku uliyokuja dukani kuniambia Doto amesafiri. Nilikuwa nashona suruali za kwaya. Ulikaa kwenye kiti cha wateja, macho umeyaosha, ukasema mwenzangu amekwenda safari ndefu kutokea huko huko Ngumbo alikopangiwa kufundisha na alikoolewa, na nisimpigie simu. Nikauliza safari ya wapi. Ukasema Shija ataniletea chakula, nisitoke. Mama, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye cherehani yangu na mvi zangu. Nilijua kabla hujakaa. Lakini nilijua pia maneno ya Bibi, tuliyolishwa tangu tukiwa wadogo, kwamba pacha akifa anayebaki haambiwi, halii, wala halioni kaburi, kwa sababu akilia tu mwenzake atageuka nyuma amchukue. Nikakutazama ulivyojikaza. Nikaona unaogopa kuzika wawili. Nikasema sawa, nikaendelea kushona. Matanga mkayaweka kwa Mjomba, mbali na macho yangu, na majirani wakawa wanapita dukani kuulizia sketi zao huku macho yamewavimba.

Kisha ukawapigia simu wakwe wa Doto, ukawaomba na wao wasilitamke neno la kifo kwa mtu yeyote wa damu yetu, lisije likanifikia. Wale ni watu wa heshima, Mama. Walimzika mwenzangu, wakafunga midomo. Na walipokaa wakafikiri, wakaona Tunu naye ni damu yetu. Siku ya maziko walimpeleka kwa shangazi yake kijiji cha pili, na tangu hapo kila alipouliza mama yuko wapi, mtoto yule mdogo akaambiwa mama amesafiri.

Halafu ukanituma mimi nikamchukue nimlete Nzega. Mimi, na uso huu.

Sikulaumu. Hata mimi sikufikiri. Njia nzima, toka Songea hadi Mbinga, na kutoka Mbinga kuteremka milima mpaka ziwa likaonekana, nilikuwa nawaza jinsi ya kumbembeleza mtoto asilie ndani ya basi. Sikuwaza hata mara moja jinsi nitakavyoonekana nikishuka.

Nilishuka Ngumbo mchana. Akina mama walikuwa wanaanika usipa, wale dagaa wa huku, kwenye vichanja kando ya njia. Mazungumzo yakakatika. Mmoja alikuwa anamimina dagaa kutoka kwenye beseni, akaendelea kulikung'uta beseni lililokwisha. Mwingine akajifunika khanga kichwani akanipa mgongo. Watoto wa shule wakaniamkia, "Shikamoo mwalimu," halafu wakakimbia. Nikabeba begi langu, nikapita katikati ya watu wale nikitamani nizibe uso kwa mikono.

Tunu alikuwa anacheza kibarazani. Nilitegemea atanikimbilia au atanikimbia, akafanya lisilo hilo wala hili. Alikuja polepole, amekunja uso, akanishika kidole.

"Umechelewa," akasema.

Sasa niambie wewe mwenye hekima, ungefanya nini? Nilimbeba. Akalaza kichwa begani kwangu kama mtu aliyechoka kubeba kuni, na nilipoinua macho nikamwona Osmund mlangoni ameshika mwimo kwa mikono miwili. Mama yake ndiye aliyekuja, akanigusa kiwiko kwanza, kuhakikisha. "Wewe ndiye Kulwa," akasema, bila kuuliza. Akaninong'oneza kwamba mtoto ale kwanza, apumzike, kesho tutatafuta namna ya kumweleza.

Kesho hiyo haikufika. Ilikuja kesho ya Tunu ana homa. Ikaja kesho ya Osmund ameitwa Mbamba Bay kutengeneza injini za boti. Ikaja kesho ambayo mimi mwenyewe sikutaka ifike. Osmund naye alikataa mtoto aondoke Ngumbo, akasema mtoto ni wa huku, na kwa hilo sikubishana naye maana ni baba yake. Nikabaki, nikijiambia nabaki kidogo tu. Nililala chumba kimoja na Mama Osmund na Tunu. Nguo nilizokwenda nazo zilikuwa za siku chache, zilipoisha Mama Osmund akafungua sanduku la Doto akanipa khanga zake. Cherehani ya mkono ya jirani nikaiazima, nikawa nashona sare za shule pale kibarazani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba Mungu alichukua mtu mmoja akamkata katikati, kicheko chote kikaenda kwa Doto na akili yote ikaja kwangu? Na Doto akakujibu kwamba basi yeye kapata nyama, mimi nimebakiwa na mfupa. Ndivyo tulivyokuwa kweli. Alicheka kanisani, katekista akanitoa nje mimi niliyekuwa karibu, maana kwake uso ulikuwa mmoja. Nikapiga magoti juani huku namsikia mwenzangu ndani anaimba kwa sauti ya malaika. Alipotoka akaniletea nusu ya andazi na akadai nimshukuru. Yeye aliingia nyumba yoyote akakaa jikoni, mimi nilibisha hodi hata kwangu. Yeye alipoteza kila kitu isipokuwa marafiki. Mimi sijawahi kupoteza hata sindano.

Basi huko Ngumbo nilijifunza kuwa nyama. Tunu ndiye aliyenifundisha. Nikimsuka kimya kimya anageuka na kuniuliza mbona siimbi. Nikimwambia lala, anasema siyo hivyo, kwanza tunahesabu vidole vya miguu na kimoja tunakitekenya. Akawa ananisahihisha kila siku kama mwalimu mkali, nami nikawa naimba, natekenya, nahesabu vidole. Nilianza kwa kumwonea huruma. Baada ya muda nikagundua naimba hata akiwa hayupo.

Halafu siku moja nilicheka. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingiza kichwa ndani ya sufuria na kushindwa kukitoa, anazunguka uwanjani na sufuria yake. Mama, sicheki hovyo, unanijua. Lakini kilichotoka kinywani mwangu hakikuwa kicheko changu. Kilikuwa cha Doto, kile cha kupanda ngazi, chenye mkoromo mwishoni. Nyuma ya nyumba Osmund alikuwa anafungua injini, nikasikia spana imeanguka juu ya jiwe. Alipotokea, uso wake ulikuwa na maji. Alikaa kwenye kinu, akasubiri nicheke tena.

Tangu siku hiyo akaanza kunitafuta. Alileta vichekesho vya Mbamba Bay, alimwiga mzee wa kanisa anavyopiga chafya, ilimradi tu kicheko kile kitoke, nacho kikawa kinatoka. Jioni jua likiwa bado juu tulikaa kwenye mawe kando ya ziwa, Tunu anaokota vijiwe, naye anaanza, "Unakumbuka siku ile nilipokuja kutengeneza mashine ya kusaga, ukanitania mpaka nikajikata kidole?" Mimi siku hiyo nilikuwa Nzega napiga pasi mashati ya watu. Nikamjibu ndiyo, nakumbuka.

Ndiyo hiyo ilinitisha baadaye zaidi ya yote. Mwanzoni nilisema nakumbuka ili nisimuumize. Kisha nikaanza kukumbuka kweli. Nikawa naiona ile mashine, naiona damu kwenye kidole chake, nasikia unga unavyonukia. Niliamka asubuhi nikatafuta hereni nilizopoteza, ndipo nikatambua kwamba mimi sijawahi kuwa na hereni. Mara nyingine nikiita "Tunu" nilikuwa nageuka nyuma kuangalia nani kaita. Nilihisi Doto hakugeuka kunichukua kama Bibi alivyosema. Alikuwa ananiingia taratibu, kama maji kwenye kuta za udongo, nami nampisha.

Na nilimpenda Osmund. Nakuandikia wazi maana kwenye simu nisingeweza. Nimefika umri huu sijawahi kutazamwa na mwanamume kwa namna ile. Wanaokuja dukani hutazama mshono. Yeye nikipita na ndoo alisimamisha kazi. Nikimpa maji alishika kikombe pamoja na mkono wangu, akausahau mkono humo. Nilitaka kubaki pale mpaka nife, Mama, na jina sikujali wataniita lipi. Siku ulizokuwa ukiniuliza kwenye simu, jibu langu lilikuwa karibu sana kuwa ndiyo.

Kabla hujaniuliza, baba mdogo wa Osmund alikuja Jumapili moja baada ya ibada, na wazee wenzake. Wakakaa, wakala, wakazungumza juu yangu nikiwa hapo hapo nawanawisha mikono. Walinisifu mwendo. Walisifu kwamba hata kukohoa nakohoa vile vile. Mmoja akasema mtu akibahatika hivi ni kama hakufiwa. Wakaondoka wameridhika, na huko ndiko lilikotoka lile neno lililomfikia Mjomba.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja, nilikuwa namenya muhogo na Mama Osmund nyuma ya nyumba. Yule mama si mtu wa maneno mengi. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, na akikasirika huhamia Kinyasa nikabaki mataani. Siku hiyo alichagua Kiswahili, na alikisema polepole ili nisipoteze hata neno.

"Mwanangu, nikwambie jambo na usinichukie. Doto nilimwosha mimi. Kwa mikono hii. Nikamfunga kidevu, nikamvalisha gauni lake la harusi. Halafu kila asubuhi nafungua mlango, namkuta anafagia uwanja."

Nikaacha kisu.

"Nikitaka kumlilia, unapita na ndoo," akasema. "Nikinyamaza, nakusikia unaimba. Sijamlilia mkwe wangu hata siku moja. Mmetukataza, na sisi tumetii. Lakini linanikaa hapa." Akajigusa chini ya shingo. "Nakupenda, na unanitisha."

Mama, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi nilikuwa nikijifikiria ndiye niliyefiwa na kunyimwa kulia. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimekaa na maiti inayochota maji. Nikakumbuka yule mwanamke na beseni lake tupu. Nikakumbuka wanafunzi waliokimbia. Walikuwa wamemzika mwalimu wao vizuri, kwa nyimbo, kisha sisi watu wa Nzega tukawatumia uso wake ushuke kwenye gari.

Sikungoja kesho nyingine. Nikanawa mikono, nikamwambia Mama Osmund anionyeshe kaburi. Akanitazama, akauliza kama najua ninachokisema, maana wewe uliwaeleza yote, kwamba nikiliona nitamfuata. Nikamwambia kama ni kumfuata nimeshaanza, na ninataka kurudi. Nikamshika Tunu mkono. Osmund tulimpita uwanjani, nikamwambia tunakokwenda. Akatikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa, akainama kwenye injini yake.

Makaburi yako nyuma ya kanisa, kwenye kilima kidogo, ziwa linaonekana lote. Doto wamempa mahali pazuri. Kuna msalaba wa mbao, wamempandia maua mekundu, na mtu huwa anang'oa majani. Nilichuchumaa nikalingana na Tunu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya mzunguko, kuhusu mbinguni na malaika, yote yakanikauka.

"Tunu, mama yako hakusafiri," nikamwambia. "Alikufa. Amezikwa hapa."

Alitazama udongo. Akanitazama mimi. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku, kisha akaichukua mikono yangu akaikagua vidole, hapa palipoota sugu ya sindano. Sijui aliona nini hapo, au tangu lini alikuwa ameshaona.

"Na wewe nani?"

"Mimi Kulwa. Nilizaliwa siku moja na mama yako."

Alifikiri. Akashika pindo la khanga niliyovaa.

"Basi vua khanga yake," akasema.

Nikaivua. Nikabaki na sketi yangu ya Nzega. Akaikumbatia ile khanga, akakaa chini kando ya msalaba na kunipa mgongo, na hapo ndipo kilio kiliponitoka. Sikukilia, Mama, kilinitoka. Niliita jina lake kwa sauti mpaka ndege wakaruka kanisani. Nikachota udongo nikautupa juu ya kaburi, mara moja kwa ajili yangu na mara ya pili kwa ajili yako. Nyuma yangu Mama Osmund akapiga ukelele wa msiba, ule wa kwao, mrefu. Ukelele ule ulikuwa kama umefungua mlango. Akina mama wakatoka majumbani, wakatoka kwenye vichanja vya usipa, wakapanda kilima wakilia kana kwamba Doto amekufa asubuhi ile. Walimu wenzake wakaja na wanafunzi. Mchana tulipoteremka, uwanja wa Osmund ulikuwa umeshajaa kuni na unga, na wanaume wamewasha moto. Hakuna aliyewaita. Ngumbo ilikuwa inangoja ruhusa tu.

Tulilia tena upya, tukala msiba upya. Watu waliokuwa wakinikwepa wakaja kunipa mkono na kuniambia pole, Kulwa. Pole, Kulwa. Sikuwa nimelisikia jina langu kwa muda mrefu kiasi kwamba mara ya kwanza sikuitika.

Osmund hakuketi na wanaume. Alikaa nyuma ya jiko siku zote za msiba, na watu walipotawanyika ndipo akanijia. Tunu wakati huo alikuwa hataki hata nimpe maji. Alikula mkononi mwa bibi yake tu, na mimi nikitokea anahamia upande mwingine wa nyumba. Osmund akaniomba nibaki. Akasema mtoto atasahau, wazee wameshakubali, yeye hawezi kuzika mara ya pili. Alisema kwa upole, na mimi roho ilikuwa inaniambia nyamaza tu, ukubali.

Nikamwambia, "Niambie jambo moja unalolijua kunihusu mimi. Moja tu, lisilo la Doto."

Alijifuta grisi mikononi kwa kitambaa kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta kweli, Mama, nilimwona anavyotafuta.

"Silijui," akasema. "Ila nikikutazama, napumzika."

"Na mimi nikitazamwa hivyo, naisha."

Hakubisha. Angebisha nadhani ningebaki. Kesho yake alinibebea begi mpaka kwenye gari, akaliweka, akasema safari njema bila kutaja jina lolote. Nililia njia yote ya milimani, abiria wakadhani nina kichefuchefu wakanipa limau.

Sasa niko hapa Mbinga. Nimepanga chumba kwa mama mmoja Mmatengo, mjane, mwenye shamba la kahawa huko Kitura, na kibaraza chake ndiyo ofisi yangu. Wiki zile za mwanzo nilimsaidia kuchuma. Wana mashimo yao ya kilimo kwenye miteremko, wanayaita ngoro, nami mtu wa tambarare nilianguka humo kila mara, wakanicheka mpaka wakachoka. Sasa nashona. Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka yakipita, vumbi linaniingilia kwenye vitambaa vyeupe, kwa hiyo nimejifunza kushona vyeupe asubuhi. Huku hakuna aliyemjua Doto. Wananitazama wanaona fundi mrefu, mkali kidogo, asiyependa kucheleweshewa kitambaa. Unaweza usiamini jinsi jambo hilo dogo linavyonipa usingizi. Upweke upo, siwezi kukudanganya. Kile kicheko hakijatoka tena, na siku nyingine nakitegea masikio, nikitumaini.

Mama Osmund alipanda huku juzi kuleta usipa sokoni, akaja na Tunu. Mtoto aliingia chini ya meza yangu ya kukatia, akakaa humo na vipande vya vitambaa kama sipo. Baadaye sauti ikatoka chini ya meza ikauliza kama mama alipokuwa mdogo naye alikuwa mtundu. Nikamwambia alikuwa mtundu kupita kiasi na mimi ndiye niliyechapwa. Kisha akasema, "Mama mkubwa, niambie mengine." Nikamwambia mengine mpaka wakati wa gari kuondoka. Likizo ijayo baba yake amekubali nimlete Nzega umwone, kisha nimrudishe.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mwambie Mjomba asipokee ujumbe wowote wala mzee yeyote kwa ajili yangu. Nampenda Osmund na kwa sababu hiyo sitaolewa naye kwa uso wa mtu mwingine. Akija siku moja Mbinga kumtafuta Kulwa, nitakwambia. Simngoji, ila nikisikia injini ya pikipiki imezimwa nje, moyo bado unanipiga. Nao utazoea.

Nisalimie mdogo wangu Shija na mkewe, na yule mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Msalimie shangazi wa Igunga, umwambie mguu auweke juu akikaa. Wasalimie wateja wangu, hasa mwenyekiti wa kwaya, suruali zake ziko kwenye kabati la chini. Mjomba naye msalimie, mwambie simchukii. Mama Osmund anakuita dada, na anakupa pole, na anasema safari hii anaisema wazi.

La mwisho, Mama. Tangu siku ile ya dukani hujalia mbele yangu. Shija anasema hata nikiwa huku mbali hulii, unaogopa nitasikia. Umebeba msiba wa mwanao kifuani peke yako ili usije ukaniua mimi. Basi nisikilize. Neno nimelisema kwa mdomo wangu, kaburi nimeliona, udongo nimeutupa kwa mkono wangu, nimelia mpaka sauti ikakauka, na mimi nipo. Nipo hapa kibarazani nakohoa kwa baridi na kukuandikia. Hakugeuka nyuma, Mama. Alikwenda tu.

Doto amekufa. Mlilie.

Mwanao,
Kulwa.